Kaka mkubwa anadai mara mbili, mdogo anamtaja Yakobo: Wayahudi wa kale waligawaje urithi?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Sisi tuko watano, watoto wa mama wawili, wa kiume watatu na wa kike wawili. Mzee alifariki mwaka jana na hakuacha wosia. Kaka yetu mkubwa amekuja kwenye kikao na Kumbukumbu la Torati 21, anasema fungu lake ni mara mbili kwenye kila kitu, mpaka lile shamba la marehemu mama yake ambalo mama alilinunua mwenyewe kwa biashara zake. Mdogo wetu wa mwisho akamjibu kwamba Mungu huwa anachagua mdogo, akataja Yakobo, Yusufu na Daudi. Kikao kikavunjika. Sisi wa kike hakuna aliyetuuliza kitu. Mambo ya mahakama tuna mtu anatusaidia, mimi nataka tu kujua hao Wayahudi wenyewe wa zamani walikuwa wanagawaje, na hizi stori za ndugu kugombana walizielewaje?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kumpoteza mzee. Swali lako nimelisoma mara tatu, maana kwenye darasa la Agano la Kale huwa naulizwa kila mwaka ila linakuja kavukavu kama la mtihani, hili lako limekuja na watu ndani yake. Nikwambie mapema ninachoamini baada ya kukaa na haya maandiko miaka mingi: kaka yako ameshika sheria ambayo hajaisoma kuanzia juu, mdogo wako ameshika stori ambayo hajaisoma mpaka chini. Ile sheria ya Kumbukumbu 21 imewekwa kumzuia baba asifanye kile hasa alichofanya Yakobo kwa watoto wake, na stori ya Yakobo inaendelea mbele sana baada ya kupata baraka, na huko mbele ndiko kwenye kilio.

Tuanze na sheria. Ni mstari wa 15 mpaka wa 17, na watu wengi wanaruka ule wa 15 wanakimbilia penye mara mbili. Inasema mtu akiwa na wake wawili, mmoja anampenda na mwingine hampendi, wote wakamzalia wana, na mzaliwa wa kwanza akawa wa yule asiyependwa, basi siku ya kuwarithisha wanawe mali yake baba hana ruhusa ya kumpa mtoto wa kipenzi chake nafasi ya ukubwa, lazima amtambue mtoto wa yule asiyependwa na kumpa mara mbili kwa sababu yeye ni mwanzo wa nguvu zake. Umeona inapoanzia? Inaanzia kwenye nyumba ya mama wawili kama ya kwenu, na inaanza kwa kumtetea mtoto ambaye mama yake hana sauti ndani ya nyumba. Na ukiisoma kwa Kiebrania unashtuka, maana neno lililotumika kwa mke asiyependwa ni lile lile alilopewa Lea kwenye Mwanzo 29:31, na maneno "mwanzo wa nguvu zangu" ndiyo aliyoyasema Yakobo akiwa kitandani anakufa alipomtaja Reubeni, mtoto wa Lea, kwenye Mwanzo 49:3. Yaani aliyeiandika ile sheria na aliyeisikia mara ya kwanza wote walijua ni nyumba ya nani inayozungumzwa bila kutaja jina.

Maana Yakobo alifanyaje? Alimpa Yusufu, mtoto wa Raheli kipenzi chake, mafungu mawili. Kwenye Mwanzo 48 anawachukua watoto wa Yusufu, Efraimu na Manase, anasema hawa ni wangu kama Reubeni na Simeoni, kwa hiyo nchi ilipokuja kugawanywa ukoo wa Yusufu ukahesabiwa makabila mawili. Kweli alikuwa na sababu kwa Reubeni, kijana alilala na Bilha suria wa baba yake, na Mambo ya Nyakati wa Kwanza sura ya 5 inasema wazi haki ya uzaliwa wa kwanza aliipoteza kwa kosa hilo na ikaenda kwa wana wa Yusufu, ingawa utawala ulikwenda kwa Yuda. Ila ndani ya familia watu walikuwa wameshaona kanzu ndefu miaka mingi kabla, walijua mapenzi ya mzee yako wapi.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo kaka yako anapoweza kuwachanganya. Kiebrania kinasema pi shnayim, neno kwa neno ni "kinywa cha wawili", na ni hilo hilo Elisha alilomwomba Eliya kwenye Wafalme wa Pili sura ya 2, hakuwa anataka roho kubwa kuliko ya mwalimu wake kama wengi wanavyohubiri, alikuwa anaomba fungu la mtoto wa kwanza kati ya wanafunzi. Kwenye Zekaria 13:8 neno hilo hilo lina maana ya theluthi mbili, kwa hiyo marabi, walimu wa sheria wa Kiyahudi, kwenye Talmudi (mkusanyiko mkubwa wa mijadala yao), kitabu cha Bava Batra, wakajiuliza mkubwa anachukua theluthi mbili za mali yote hata wakiwa kumi? Wakajibu hapana, anachukua mara mbili ya ndugu yake mmoja, basi. Unahesabu wana wa kiume unaongeza moja. Wakiwa wawili mali inakatwa mafungu 3, mkubwa 2 mdogo 1. Wakiwa watatu kama nyinyi inakatwa 4, mkubwa anachukua 2, yaani nusu, na wawili wanabaki na robo robo. Wakiwa tisa inakatwa 10. Na hiyo mara mbili ni kwenye mali iliyokuwa mkononi mwa marehemu siku anakufa, ile ambayo ilikuwa bado inategemewa kuja, mfano urithi ambao ungemfikia baadaye, huko mkubwa anagawana sawa na wenzake.

Na usidhani dunia nzima ya wakati ule iligawa hivyo. Babeli kwenye sheria za mfalme Hammurabi, karibu mwaka 1750 KK, baba aliweza kumwandikia mtoto anayempenda shamba au nyumba kwa hati yenye muhuri, na akifa huyo anachukua zawadi yake pembeni halafu kinachobaki wote wanagawana sawasawa. Yaani kule kipenzi cha baba analindwa na hati, kwenye Kumbukumbu la Torati anayelindwa ni yule asiye kipenzi. Mimi hii tofauti huwa inanigusa sana. Alafu kule Nuzi, karibu na Kirkuk ya leo nchini Iraki, wachimbaji walikuta vibao vya udongo vya karne ya 15 na 14 KK, na kimoja kinaonyesha mtu anamuuzia ndugu yake sehemu yake ya urithi kwa kondoo 3. Kwa hiyo Esau kuuza haki yake kwa mkate na mchuzi wa dengu inasikika kama hadithi ya ajabu lakini biashara yenyewe ilikuwepo, watu wenye shida walikuwa wanauziana mafungu yao ndugu kwa ndugu.

Haya, Yakobo. Mdogo wenu amtaje tu ila amtaje mzima. Kiebrania kinacheza na maneno mawili, bekhora ni haki ya uzaliwa wa kwanza na berakha ni baraka, herufi ni zile zile zimebadilishana nafasi tu, na Esau analia nazo kwenye Mwanzo 27:36, alichukua bekhora yangu na sasa amechukua na berakha yangu. Kwenye macho ya wanadamu Yakobo ameshinda zote mbili. Sasa angalia amepata nini. Anatoka nyumbani akikimbia hasira ya kaka yake, na baadaye mwenyewe anasema alivuka Yordani akiwa na fimbo tu. Yule aliyenunua mara mbili anaondoka mikono mitupu na yule aliyeuza anabaki na mzee, mifugo na hema. Anafika kwa mjomba Labani, anafanya kazi miaka 7 kwa ajili ya Raheli, asubuhi anakuta ni Lea, na Labani anamjibu kwamba kwetu hapa hatumtoi mdogo kabla ya mkubwa. Hebu fikiria hilo jibu lilivyomwingia mtu aliyejiita mkubwa mbele ya baba kipofu.

Marabi waliona hilo hilo. Kwenye Midrashi ya Mwanzo, yaani masimulizi yao ya kufafanua kitabu hicho, wanasimulia kwamba usiku kucha Yakobo alikuwa anaita "Raheli" na Lea anaitika, asubuhi akamwambia wewe binti wa mdanganyifu, mbona nilikuita Raheli ukaitika? Lea akamjibu, kuna mwalimu asiye na wanafunzi? Baba yako si alikuita Esau nawe ukaitika? Nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo, maana wanaosimulia hivi ni watoto wa Yakobo wenyewe, ni babu yao huyu, jina lao la Israeli limetoka kwake, na hawakumfunika.

Na haijaishia hapo. Yakobo alimdanganya baba yake kwa ngozi za mbuzi mikononi, ile "sauti ni sauti ya Yakobo, lakini mikono ni mikono ya Esau", halafu watoto wake mwenyewe wakamdanganya kwa kanzu ya Yusufu iliyochovywa kwenye damu ya mbuzi. Miaka 20 ugenini, akirudi anamtumia Esau mifugo, ukijumlisha idadi zilizotajwa kwenye Mwanzo 32 unapata wanyama 550 bila kuhesabu ndama wa ngamia, anainama mpaka chini mara 7, anamwita Esau "bwana wangu" na yeye anajiita mtumwa wake. Si ilisemwa mkubwa atamtumikia mdogo? Na anapozidi kumsihi Esau apokee ile mifugo, kwenye Mwanzo 33:11 Kiebrania kinasema birkhati, baraka yangu, neno lile lile aliloliiba. Anarudisha. Na Esau alikuwa ameshamwambia, "Mimi ninayo tele, ndugu yangu." Kwa hiyo mdogo wenu akitaka kuwa Yakobo kwenye kikao aje na hiyo sehemu pia.

Na Daudi? Daudi alikuwa mdogo kati ya wana 8 wa Yese, ndiyo, ila kilichochaguliwa pale ni ufalme, hakuna mahali panaposema Daudi alichukua kondoo wa Yese akawanyima kaka zake. Kuitwa kwa kazi ni jambo moja na kugawana mali ya marehemu ni jambo lingine. Na nyumba ya Daudi mwenyewe ilikujaje kumalizika? Adoniya mkubwa alidhani kiti ni chake, Sulemani mdogo akakipata, na Wafalme wa Kwanza sura ya 2 Adoniya anauawa kwa amri ya ndugu yake. Ukitaka stori ya watoto wa mama wawili nenda Waamuzi 11, Yeftha anafukuzwa na ndugu zake, wanamwambia hutarithi kwenye nyumba ya baba yetu maana wewe ni mtoto wa mwanamke mwingine, halafu vita vikija wazee wa Gileadi wanamfuata huko alikokimbilia kumwomba arudi awaokoe.

Sasa umeuliza walizielewaje. Nianze na Kaini na Habili, kwa sababu Mwanzo 4:8 inasema Kaini akamwambia Habili ndugu yake, halafu kwenye Kiebrania hakisemwi alimwambia nini, wanafika kondeni anamuua. Marabi wakauliza waligombania nini hasa? Jibu lao moja ni hili: walikaa chini kugawana dunia, mmoja akachukua ardhi, mwenzake akachukua vitu vinavyohamishika. Wa ardhi akasema hapo uliposimama ni pangu. Wa vitu akasema hiyo nguo uliyovaa ni yangu. Huyu anasema vua, yule anasema ruka upae juu. Hapo hapo wakashikana. Ndugu wawili dunia nzima ni yao peke yao, na mgawanyo wenyewe ukiuangalia ulikuwa wa haki kabisa, nusu kwa nusu, na bado ukaleta kifo, kwa sababu kila mmoja aliishika haki yake mpaka mwenzake akakosa pa kukanyaga. Mimi nimeshakaa kwenye vikao vya mirathi vya ndugu zangu na nakwambia hiyo Midrashi ni ya kweli kuliko ripoti nyingi nilizosoma.

Kuhusu Yusufu hawakulaumu kaka zake peke yao. Talmudi, kitabu cha Shabbat ukurasa wa 10, inamnukuu rabi mmoja anaitwa Rav akisema mtu asimtofautishe kamwe mtoto wake mmoja kati ya watoto wake, maana kwa ajili ya sufu laini yenye uzito wa sela 2 tu, ambayo Yakobo alimzidishia Yusufu, ndugu zake wakamwonea wivu, na jambo likaviringika mpaka baba zetu wakashuka Misri. Sela ni uzito wa sarafu. Utumwa wote wa Misri, kwa macho yao, umeanzia kwenye kitambaa kidogo cha nguo ya mtoto mmoja. Anayeulizwa hapo ni mzazi.

Ila maisha ni maisha, wazazi waliendelea kutaka kugawa kwa moyo wao, na hapa ndipo sheria yao ilipokuwa na mlango wa pembeni. Mishna, mkusanyiko wa sheria za mdomo za marabi uliokamilika karibu mwaka 200 BK, inasema kwenye Bava Batra sura ya 8 kwamba baba akisema mwanangu wa kwanza asichukue mara mbili, au mwanangu fulani asirithi pamoja na ndugu zake, hajasema kitu, maneno yake ni hewa kwa sababu anapingana na kilichoandikwa kwenye Torati. Lakini akigawa mali yake kwa mdomo akampa huyu zaidi na yule kidogo na mkubwa akamsawazisha na wenzake, maneno yake yanasimama, ila akitumia neno "urithi" yanaanguka, na akiweka neno "zawadi", hata kama ni mwanzoni, katikati au mwishoni, yanasimama. Yaani hiba kama wanavyoiita ndugu zetu Waislamu wa pwani (ambao kwao mkubwa hana ziada yoyote juu ya wadogo zake, na binti anapata fungu lake la nusu ya kaka yake, hilo liko wazi kwenye Kurani). Ibrahimu ndivyo alivyofanya, Mwanzo 25 inasema watoto wa masuria aliwapa zawadi akiwa hai akawapeleka mashariki, vingine vyote akampa Isaka. Na wazee walikuwa na utaratibu wa kuandika "kuanzia leo na baada ya kufa", baba anaendelea kula matunda ya shamba mpaka afe, hawezi kuliuza kwa sababu limeshaandikwa kwa mtoto, na mtoto naye hawezi kulichukua kwa sababu bado liko mikononi mwa baba. Bila maneno hayo walionya sana, mwenye hekima wa Kiyahudi Yoshua bin Sira tangu karne ya 2 KK alishasema usimpe mwingine mali yako ukiwa bado unapumua usije ukajuta ukaanza kumwomba, na Talmudi inamhesabu aliyewaandikia watoto mali yote akiwa hai kama mtu aliyejinunulia bosi.

Huo mlango wa zawadi uliruhusiwa lakini haukupendwa. Sura hiyo hiyo ya Mishna inasema aliyewaandikia watu wengine mali yake akawaacha watoto wake, alichofanya kimefanyika, lakini wenye hekima hawaridhiki naye. Rabani Shimoni bin Gamalieli akasema kama watoto walikuwa na mwenendo mbaya basi akumbukwe kwa mema. Rabi Shmueli kule Babeli hakukubali, akamwambia mwanafunzi wake usiwepo mahali urithi unapohamishwa hata kutoka kwa mtoto mbaya kwenda kwa mtoto mzuri, kwa sababu hujui uzao gani utatoka kwa huyo mbaya. Na Talmudi inasimulia kuhusu Yosefu bin Yoezeri, alikuwa na chumba cha juu kimejaa dinari na mtoto asiyefuata njia nzuri, akaamua zote ziende hekaluni. Yule kijana akaenda zake akaoa, siku moja akanunua samaki, kumpasua akakuta lulu. Akaipeleka kwa watunza hazina wa hekalu, ikathaminishwa vyumba 13 vya dinari, wao walikuwa na 7 tu. Akasema nipeni hizo 7, na hizo 6 zilizobaki ziwe za Mungu. Ikaandikwa Yosefu aliingiza chumba kimoja na mwanawe ameingiza sita. Wengine wanasimulia iliandikwa mwanawe amechukua saba, wakabaki wanabishana kama mzee alifanya vizuri au la. Mimi nampenda yule kijana. Baba alimnyima kila kitu na yeye akasamehe vyumba sita.

Na nyinyi wa kike. Hapa sitakupamba. Torati kwenye Hesabu 27 inawasimamisha mabinti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mbele ya Musa na mkutano wote, baba yao amekufa hana mtoto wa kiume, wanauliza kwa nini jina la baba yetu lifutwe? Na jibu la Mungu ni kwamba wamesema kweli. Ila sheria iliyotoka hapo ni kwamba binti anarithi kama hakuna mwana, akiwepo mwana yeye hayupo kwenye orodha, na sura ya 36 ikawataka waolewe ndani ya kabila lao ili ardhi isihame. Ayubu aliwapa binti zake urithi kati ya ndugu zao wa kiume na kitabu kinalitaja kama jambo la pekee. Marabi hawakuugeuza mstari wa Torati, walichofanya ni kuweka mzigo juu ya mali yenyewe: mabinti walishwe na kutunzwa kutokana na urithi mpaka waolewe au wawe watu wazima, na wapate cha kuolewa nacho. Mishna inasema mali ikiwa nyingi wana wanarithi na mabinti wanatunzwa, mali ikiwa kidogo mabinti wanatunzwa na wana waende wakaombe milangoni. Kuna hakimu wa Yerusalemu anaitwa Admoni aliuliza, yaani kwa sababu mimi ni mwanaume ndiyo nipoteze? Na Rabani Gamalieli akasema naona hoja ya Admoni, mjadala ulikuwa mkali kweli. Ila kanuni yenyewe ilibaki, mali ikiwa haitoshi, binti ndiye anayekula kwanza.

Na kwenye maisha ya kawaida akina baba walipitia ule mlango wa zawadi. Mwaka 1961 timu ya mwanaakiolojia wa Israeli Yigael Yadin ilikuta kwenye pango karibu na Bahari ya Chumvi mfuko wa hati 35 za mwanamke anaitwa Babatha, za kati ya mwaka 94 na 132 BK, alizificha huko wakati wa vita vya Bar Kokhba, Wayahudi walipowaasi Warumi. Mumewe wa pili, Yuda, alikuwa na mke mwingine, Miriamu, na mwaka 128 Yuda alimwandikia binti yake Shelamzioni nyumba kule Ein Gedi, nusu aichukue sasa hivi na nusu baada ya yeye kufa. Hati nyingine ni ya baba yake Babatha anamwandikia mkewe mali zake. Halafu Yuda alipofariki, wake wenza wawili wakapelekana kwa gavana wa Kirumi, Babatha anamtuhumu Miriamu kwamba amekomba vitu vyote vya nyumba ya marehemu. Miaka karibu 1,900 imepita, ukisoma ile hati ya wito ya mwaka 131 unaweza kudhani imeandikwa wiki iliyopita kwenye wilaya yenu. Babatha hakurudi kuuchukua mfuko wake.

Kitu kimoja zaidi ambacho nadhani ndicho ulikuwa unakitafuta. Zaburi 133 tunaiimba kanisani, "Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja", tunaifikiria ni kuhusu ushirika wa waumini. Lakini "ndugu kukaa pamoja" ilikuwa lugha ya mirathi. Kumbukumbu 25:5 inatumia maneno hayo hayo kwa ndugu wanaoishi kwenye mali ya baba ambayo bado haijagawanywa. Na Mwanzo 13 inasema nchi haikuwatosha Abramu na Lutu wakae pamoja, Mwanzo 36:7 inasema hivyo hivyo kwa Esau na Yakobo, mali zao zilikuwa nyingi mno hawakuweza kukaa pamoja. Kwa hiyo aliyeiimba ile zaburi alikuwa anazijua hizi stori zote, alijua ni mara ngapi ilishindikana, na ndiyo maana anaanza na "tazama", kama mtu aliyeona kitu ambacho hakutegemea kukiona.

Sasa lile shamba la mama mkubwa. Hilo jibu lake liko kwenye Mishna, kitabu cha Bekhorot sura ya 8: mzaliwa wa kwanza hachukui mara mbili kwenye mali ya mama. Hoja yao inatoka kwenye ule ule mstari wa 17 anaoushika kaka yako, unasema "mwanzo wa nguvu zake" na haki ni yake yeye, na huyo yeye ni baba. Kwa hiyo hata ukimpa kaka yako kila anachodai kwa kitabu chake mwenyewe, kwenye shamba la mama anasimama sawa na mtoto mwingine yeyote wa kiume wa mama huyo. Mwombe mfungue pamoja mstari wa 15 kwanza, taratibu, na mama mdogo akiwepo.